Mbolea kwenye shamba changa la miti: maswali tunayoulizwa Tanga kila msimu

Kila mwaka, kuanzia Februari hadi mvua za masika zinapokolea, kitaluni kwetu Muheza watu huja kuchukua miche, na swali huwa ni lile lile: "Niweke mbolea gani?" Nami huanza kwa kuuliza, unapanda mti gani, na ardhi hiyo kabla yako ililimwa nini? Majibu yaliyo hapa ni yale tunayoyatoa tukiwa tumesimama kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, yamekusanywa pamoja ili na wa Pangani, Mkinga, Korogwe na Lushoto ayapate bila kufunga safari.

Msitu wa Amani hakuna anayeuwekea mbolea, na miti imekwenda juu. Kwa nini yangu niiwekee?

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake ndilo msingi wa mengine.

Ukichimba udongo wa juu huko Usambara Mashariki utakuta ardhi nyekundu yenye kina, lakini imeoshwa na mvua kwa miaka mingi mno na ina uchachu. Utajiri wake umekaa kwenye tabaka jembamba la juu: majani yaliyooza, mizizi midogo, wadudu na kuvu. Mti huangusha jani, jani huoza, mizizi hulirudisha tena juu. Chakula kinazunguka, hakitoki. Fyeka, choma, lima mahindi miaka kumi, uza magunia, mzunguko umekatika.

Sasa tazama mahali sisi tunapopanda. Wengi tunapanda kwenye mashamba yaliyochoka. Sehemu kubwa ya Muheza na Korogwe ilikuwa mkonge, zao lililoletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mkonge huvunwa majani na kupelekwa kiwandani mwaka hadi mwaka, na kila jani huondoka na kalsiamu na potasiamu ya shamba. Mabaki yakiachwa kiwandani bila kurudishwa shambani, udongo hupungukiwa na uchachu huongezeka. Mche wako wa sentimita 30 unaanzia hapo, na tena unatakiwa kutengeneza majani, shina na mizizi yote kwa misimu miwili, huku ukoka na mabingobingo yamekwisha kushika ardhi.

Mbolea inaingia katika dirisha hilo dogo. Kazi yake ni kuuwahisha mche: upite kimo cha majani, matawi yakutane, kivuli chake kifunike ardhi. Kivuli kikishafunga, magugu yanadhoofika, majani ya mti yanaanza kuanguka, na mti unajilisha kama wa Amani. Baada ya hapo hauhitaji sana mkono wako.

Kwa hiyo ni lazima?

Hapana. Kama umepanda kwenye tifutifu la bondeni, au pale palipokuwa zizi la ng'ombe, au kichaka kilichokaa miaka mingi bila kulimwa, pengine hutaona tofauti yoyote. Fanya hivi: chagua mistari miwili katikati ya shamba usiitie mbolea, ifunge kitambaa kwenye mti wa kwanza na wa mwisho. Baada ya mwaka pima kimo kwa fimbo. Shamba lako litakujibu vizuri kuliko mimi, na msimu ujao utajua kama fedha ile iende kwenye mbolea au kwa vibarua wa palizi.

Nina fedha ya kitu kimoja tu, mbolea au palizi. Nichague nini?

Palizi. Hapa sina maneno mawili.

Mche mchanga mara nyingi haufi kwa njaa, hufa kwa kiu na kusongwa. Nyasi zina mizizi mingi karibu na uso wa ardhi, na mvua ikikatika mwezi Juni ndizo zinazomaliza unyevu kabla mche haujafika chini. Ukitia mbolea kwenye shamba lenye majani, umelisha majani. Nimeona shamba la mitiki ambako mwenyewe alimwaga mbolea kama anayepanda mpunga, akaondoka. Aliporudi baada ya wiki sita alitafuta miche yake kwa panga. Ndago ilikuwa imenona, mitiki imekuwa ya manjano.

Mwaka wa kwanza palilia mara tatu, mwaka wa pili mara mbili ikiwezekana. Si lazima ulime shamba zima: safisha kisahani cha upana wa mita moja kuzunguka kila mche, na katikati ya mistari fyeka tu. Majani uliyoyakata yaweke kama matandazo, lakini yasiguse shina, maana mchwa hupitia humo. Ukiisha kumudu hayo, ndipo tuzungumze mbolea.

Mbolea ya kupandia iwe ipi, na kiasi gani kwa mche?

Kirutubisho ambacho mche hukihitaji mapema kuliko vingine ni fosforasi, kwa ajili ya mizizi. Ndiyo maana mbolea za kupandia zina fosforasi nyingi. Madukani utakuta DAP (ina naitrojeni na fosforasi), TSP (ya fosforasi), NPK za aina mbalimbali (naitrojeni, fosforasi na potasiamu pamoja), na fosfeti yetu ya Minjingu kutoka mkoa wa Manyara.

Kwa mche mmoja sisi hushauri gramu 50 za DAP, au gramu 100 za NPK 17-17-17. Kizibo cha soda kikijazwa bila kurundika hubeba gramu 5 hivi, kwa hiyo DAP ni vizibo kumi. Ni rahisi zaidi kupima vizibo kumi mara moja, kumimina kwenye kikopo, kukiwekea alama, na kumpa kibarua kikopo hicho.

Hesabu ya ekari ni hii. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari inachukua miche kama 450. Mara gramu 50, unapata kilo 22 na nusu, yaani chini kidogo ya nusu mfuko wa kilo 50. Ukipanda mita 2.5 kwa 2.5, miche ni kama 645 na mbolea ni kilo 32. Watu wengi hushangaa kuona ni kidogo hivyo. Wamezoea hesabu ya mahindi, ambako mfuko mzima huisha kwenye ekari.

Unga wa fosfeti ya Minjingu una sifa yake: huyeyuka polepole, na huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye uchachu. Kwa ardhi nyekundu za milimani na za mkonge wa zamani unafaa sana, tena unaongeza kalsiamu. Tia gramu 100 hadi 150, changanya na udongo wa shimo, hauunguzi mizizi. Lakini kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe karibu na bahari, ambako tayari kuna chokaa ya asili, utakaa pale pale bila kuyeyuka.

Naiweka wapi hasa? Ndani ya shimo?

Unga wa Minjingu na samadi iliyooza, ndiyo, ndani ya shimo. DAP, NPK, na mbolea za naitrojeni za kukuzia, yaani urea na CAN, usithubutu kuziacha ziguse mizizi.

Hizi ni chumvi. Zikikutana na mzizi mchanga zinauvuta maji. Mwaka wangu wa pili wa kupanda nilitia mbolea ya chumvichumvi chini ya shimo, nikafunika kwa udongo kiganja kimoja, nikasimamisha mikaratusi juu yake. Mvua ikakatika siku nne. Siku ya tano kingo za majani zilikuwa kahawia, na kabla ya wiki mbili kwisha nilikuwa nimepoteza zaidi ya nusu ya ile mistari. Ilikuwa miche mizuri, niliilea mwenyewe miezi mitano.

Tangu hapo nafanya hivi: panda kwanza, acha mche ushike wiki mbili hadi nne. Kisha chimba vitundu viwili, kimoja kila upande, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye shina, kina cha sentimita 10. Gawa kipimo nusu kwa nusu, fukia. Kufukia ni muhimu, kwa sababu naitrojeni ikiachwa juu ya ardhi yenye joto hupotea hewani, na mvua kubwa ya Aprili huibeba iliyobaki. Shamba likiwa kwenye mteremko kama kule Bumbuli au Lushoto, vitundu vyote viwili viwe upande wa juu wa mche ili maji yanapoteremka yaipeleke mbolea kwenye mizizi.

Waliopanda mitiki kwa visiki, ile miche iliyokatwa juu na kupunguzwa mizizi, wasubiri mpaka majani mapya yatoke na kukomaa. Kisiki kisicho na mizizi hakina cha kunyonyea.

Masika au vuli?

Masika, kuanzia Machi hadi Mei. Udongo uwe na unyevu kabla ya kutia, na kuwe na mvua mbele yako. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inaweza kukubalika ukanda wa mlimani, lakini pwani imewaacha wengi njia panda. Itumie kwa dozi ya pili kwa miche iliyokwisha kushika.

Na urea ya kukuzia?

Si kila shamba. Ukiona majani ya chini, yale ya zamani, yanakuwa manjano yote kwa usawa na mche umedumaa ingawa palizi ni safi, naitrojeni imepungua. Gramu 30 hadi 50 za CAN kwa mche mwanzoni mwa mvua zinazofuata zinatosha. Urea ina naitrojeni asilimia 46, CAN asilimia 26 hivi. Kwa mkono usiozoea, CAN husamehe makosa. Usitie naitrojeni mvua zinapoishia: mche utatoa majani mengi laini na kiangazi kitayakuta.

Mitiki yangu ina miaka miwili na bado ipo magotini, na ya Longuza ni misitu. Nimekosea nini?

Mitiki ndiyo inayotuletea wageni wengi kuliko mti mwingine wowote, kwa sababu kila mtu wa Muheza amepita kando ya shamba la serikali la Longuza akatamani.

Mtiki ni mti unaopenda kalsiamu. Hustawi kwenye udongo wenye kina, usiotuamisha maji, wenye pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka uchachu umezidi) kati ya 6.5 na 7.5 hivi. Udongo ukiwa na uchachu mwingi, pH 5 kwenda chini, mizizi yake hudhurika na hata ukitia mfuko mzima wa NPK hauendi mbali. Mti hukua kwa kadiri ya kile kilichopungua zaidi, kama dau lenye ubao mmoja mfupi: maji yanaingia pale, hata mbao nyingine uziongeze kimo namna gani.

Kwa hiyo kabla ya kununua mbolea ya mitiki, jua pH. Ikiwa chini, dawa ni chokaa ya kilimo au majivu, yakichanganywa na udongo wa kisahani kizima cha mita moja, si kurundikwa shinani. Majivu ya jikoni na ya tanuri za matofali yana kalsiamu na potasiamu, na yanapunguza uchachu. Kikopo cha lita moja au mbili kwa mche kinatosha. Ila usiyachanganye na urea, DAP au samadi kwa wakati mmoja, maana yanafukuza naitrojeni hewani, na harufu kali utaisikia mwenyewe. Acha wiki tatu nne zipite kati ya kimoja na kingine.

Halafu chimba shimo la mita moja katikati ya shamba baada ya mvua kubwa. Ukikuta maji yamesimama, au udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, hapo mtiki haupendi, na hakuna mbolea itakayoubembeleza. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu wengi wamepanda mabonde ya mpunga wakidhani rutuba ni rutuba. Mahali hapo panda mti mwingine.

Mikaratusi ilikuwa vizuri, kiangazi ncha zikakauka, ikachipua vichwa vingi. Ni ugonjwa?

Inawezekana, lakini kwanza shuku boroni. Ni kirutubisho kinachohitajika kwa kiasi kidogo mno, na mikaratusi Afrika hii inajulikana kukikosa, hasa kwenye udongo wa kichanga na uliooshwa. Dalili huja kiangazi kwa kuwa mizizi huchukua boroni pamoja na maji, na maji yakipungua mti hukosa vyote viwili. Ncha hufa, matawi ya pembeni hugombea kuwa kichwa, shina linapinda. Nguzo imepotea.

Dawa ni boraksi, chumvi yenye boroni, gramu 10 hadi 15 kwa mche, ukiinyunyiza kwenye duara kuzunguka mti mvua zinapoanza, mara moja. Pima kwa mizani ya duka, usikisie. Kati ya kutosha na sumu hapa hakuna nafasi kubwa, na mche uliolishwa boraksi kupita kiasi huungua kingo za majani kisha hufa.

Misindano nayo?

Kwa walio Lushoto, jirani na shamba la Shume, msindano hauna pupa ya mbolea kama mkaratusi. Kinachoubeba ni kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake na kuitafutia fosforasi mbali kuliko mizizi yenyewe inavyofika. Misindano ilipoletwa kwenye nchi nyingi za joto ilidumaa, ikawa njano, mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya misindano mingine. Hivyo kitaluni changanya udongo wa chini ya misindano iliyokomaa kwenye viriba vyako. Ukiona nyuzi nyeupe kwenye mizizi unapochana kiriba, furahi. Shambani, dozi ndogo ya fosforasi inatosha, na penye udongo mzuri hata hiyo iache.

Mivinje, milusina na mikenge?

Hiyo hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa vijidudu kwenye vinundu vya mizizi, hivyo urea ni hasara tupu. Fosforasi kidogo itaisaidia.

Samadi inafaa? Nina ng'ombe.

Inafaa sana, na kwa udongo wa kichanga wa pwani naiweka mbele ya mbolea ya mfuko, kwa sababu inashika maji. Nusu debe kwa shimo, ichanganywe na udongo wa juu, wiki mbili tatu kabla ya kupanda. Sharti moja: iwe imeoza kabisa, nyeusi, haina joto, haina harufu ya mkojo. Samadi mbichi huchemka shimoni na kuunguza mizizi, na tena huita mchwa. Mchwa wakishafika kwenye samadi, mkaratusi mchanga ndio chakula kinachofuata. Ya kuku ni kali zaidi; tia robo ya kipimo hicho.

Naruhusiwa kupanda mahindi au kunde katikati ya miti?

Ndiyo, na ukifanya vizuri hii ndiyo mbolea ya bei nafuu kuliko zote, kwa kuwa unapalilia zao lako na miti inapata palizi bure. Hata mashamba ya serikali hutumia utaratibu huu miaka ya mwanzo. Acha mita moja kila upande wa mche bila zao. Kunde, choroko na maharage ni marafiki; mabaki yake yaache pale pale shambani. Mahindi yanakubalika ukiyatilia mbolea yake yenyewe, la sivyo yatakula ya mti. Mihogo naikataa karibu na miche: inakaa shambani muda mrefu, inatia kivuli, na unapoing'oa unang'oa na mizizi ya mti.

Udongo naupimia wapi?

Tuna bahati mkoa huu. Kituo cha TARI Mlingano, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ambacho kazi yake kubwa ni udongo, kiko hapa hapa Muheza. Tembea shamba kwa mwendo wa mshazari, chukua udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kausha kivulini, peleka kama kilo moja. Usichukue penye kichuguu, palipochomwa moto wala penye zizi la zamani. Kama shamba lina udongo wa rangi mbili, hizo ni sampuli mbili. Omba wakupimie pH, fosforasi, potasiamu na kalsiamu. Kwa mti utakaokaa nao miaka ishirini au thelathini, huu ndio ununuzi wa kwanza.

Shamba liko karibu na bahari, udongo wa matumbawe. Majani mapya ni meupe-manjano, mishipa kijani.

Chokaa ya asili imefunga madini ya chuma. Usiongeze majivu wala chokaa. Samadi nyingi iliyooza inasaidia, lakini njia ya kweli ni kupanda mti unaoizoea ardhi hiyo: mvinje, mwarobaini.

Miti imefika miaka minne, matawi yamekutana. Niongeze mbolea?

Sioni sababu. Fedha hiyo itumie kupogolea matawi na kupunguza miti iliyosongamana.

Shamba linapakana na mto.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Ndani ya eneo hilo usitie mbolea hata kijiko. Maji ya mto Zigi ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndilo linalonywesha Tanga mjini. Naitrojeni na fosforasi zikishuka mtoni zinalisha mwani bwawani, na wanaokunywa ni wazazi na ndugu zetu.

Mfuko umebaki nusu. Utakaa mpaka mwaka kesho?

Utakaa, ukiukinga na hewa yetu ya pwani yenye unyevunyevu. Kunja mdomo, funga kwa kamba, ingiza ndani ya mfuko mwingine wa plastiki, weka juu ya mbao mbali na ukuta. Usiuweke chumba kimoja na chakula, wala mahali mbuzi anapofika, maana urea humuua. Ukikuta imeshikana mabonge bado ina nguvu. Ipondeponde, kisha pima upya kwa kikopo kile kile chenye alama.